Ufundi kwa Waliouzwa: Kutoka Bagamoyo na Karema Hadi Kwetu



Kamati yetu iliponiomba niandike ukurasa wa historia kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu, nilidhani nitaandika juu ya safari yetu ya kutoka Fizi. Lakini habari hiyo kila mmoja wetu anayo nyumbani kwake. Nimechagua nyingine, iliyoniingia moyoni siku moja nikiwa Gitega, katika mtaa wa Magarama.

Nilikuwa nimetoka huku Muyinga kwa shughuli za shule. Suruali yangu ilichanika njiani, nikaingia kwa mama mmoja aliyeweka cherehani yake barazani. Aliposikia Kiswahili changu cha ng'ambo ya ziwa, tukaanza kuzungumza. Alinieleza kwamba aliwahi kupelekwa nchi moja ya Ghuba. Aliahidiwa kazi ya dukani. Alipofika akanyang'anywa pasipoti, akafungiwa ndani ya nyumba, akafanya kazi za ndani usiku na mchana bila mshahara. Aliporudi, mradi mmoja ulimfundisha kuoka keki kwa majuma matatu, akapewa cheti na kupigwa picha.

"Mwalimu," akaniambia, "cheti ninacho hadi leo. Jiko la kuokea sikupewa, na majirani zangu hawanunui keki."

Kushona alijifunza baadaye, kwa fundi wa mtaani, mwaka mzima, akianza kwa kufagia na kupiga pasi. Sasa anakula kwa jasho lake, na watoto wake wanasoma.

Niliporudi kambini nilijiuliza: mtu aliyeuzwa, akapata kurudi, ni ufundi wa namna gani unaomrudishia maisha yake? Swali hili si jipya. Pwani yetu na ziwa letu vililijibu zaidi ya miaka 150 iliyopita, mara kwa njia njema, mara kwa njia mbaya. Tukiyajua majibu yale, hatutakuwa na sababu ya kuyarudia makosa.

NJIA YA WATUMWA NA ZIWA LETU

Katika karne ya 19 watu wengi walikamatwa Manyema na sehemu nyingine za magharibi ya Ziwa Tanganyika. Walivushwa kwa mitumbwi hadi Ujiji, wakapitishwa Tabora, wakafikishwa Bagamoyo na Unguja. Ndani ya Burundi wafanyabiashara hao hawakuweza kupenya sana, kwa kuwa majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yaliwazuia. Lakini ukingo wa ziwa, kama Rumonge na Uzige, ulifikiwa.

Hapo Rumonge ndipo mapadri wa shirika la White Fathers walipojenga kituo mwaka 1879. Mwaka 1881 watu watatu wa kituo hicho waliuawa, katika ugomvi uliozuka juu ya mtoto waliyekuwa wamemkomboa. Ndiyo kusema kwamba kumtoa mtu mikononi mwa wanaomdai lilikuwa jambo la hatari tangu zamani. Na baada ya kumtoa, swali la pili lilikuja mara moja: ataishi vipi? Kwao ni mbali, ukoo wake umetawanyika, shamba hana. Sisi wakimbizi tunalielewa swali hilo bila kufafanuliwa.

KARAKANA ZA UNGUJA NA BAGAMOYO

Mwaka 1860 mapadri Wakatoliki kutoka kisiwa cha Réunion walifungua kituo mjini Unguja. Walikomboa watoto sokoni, wakawafundisha katika karakana: uhunzi, useremala na kazi za mashine. Karakana hizo zilitengeneza hata vyombo vya meli zilizofika bandarini. Mwaka 1868 wenzao wa shirika la Roho Mtakatifu walihamishia kazi kubwa Bagamoyo, wakaanzisha mashamba na kijiji cha Wakristo.

Tuwape haki yao. Watoto wale wangekufa sokoni au njiani. Walipewa chakula, dawa na masomo. Waliugua kipindupindu pamoja na walezi wao, na tufani ya mwaka 1872 ilipobomoa kituo walikijenga upya pamoja.

Lakini historia inatuambia pia kwamba baadhi yao walitoroka. Kwa nini mtu atoroke mahali alipokombolewa? Sababu moja ni kazi yenyewe. Watoto walilima sana, na walioozwa wakawekwa kijijini walitakiwa kufanya kazi katika mashamba ya misheni siku kadhaa za juma. Hawakuchagua ufundi wao, walipangiwa. Mkono ulifundishwa kazi, lakini faida ya mkono huo ilikuwa ya nyumba iliyoufundisha. Aliyewahi kuuzwa huijua haraka tofauti kati ya kufundishwa na kutumikishwa, hata kama bwana mpya ana huruma kuliko wa kwanza.

WALIOFUNDISHWA WAKAWA WALIMU

Mfano wa pili ni wa Mombasa. Manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini. Baadhi ya watoto waliookolewa walipelekwa Bombay, Bara Hindi, na wakasoma katika shule ya misheni karibu na mji wa Nasik. Huko walijifunza Kiingereza pamoja na uhunzi, useremala na kazi nyingine. Mmoja wao, Jacob Wainwright, alikuwa miongoni mwa watu waliobeba maiti ya Livingstone kutoka bara mpaka Bagamoyo, wakafika mwaka 1874. Kwa kuwa alijua kuandika, aliacha maelezo ya safari ile kwa mkono wake mwenyewe.

Misheni ya Kianglikana ilipoanzisha kijiji cha Freretown huko Kisauni mwaka 1875, haikuanza na wageni peke yao. Wale wa Nasik ndio waliokuwa walimu, mafundi na wakalimani. Waliowafundisha watu waliotoka kuteremshwa majahazini ni watu ambao wao wenyewe waliwahi kuteremshwa majahazini. Mwaka 1885 wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa daraja la kanisa.

Hata hivyo waliona uchungu mmoja, nao walilalamika waziwazi: mishahara yao ilikuwa midogo mno ikilinganishwa na ile ya Wazungu waliofanya nao kazi. Walimu wenzangu wa kambini wakisoma hapa watatabasamu kidogo. Sitaongeza neno.

DAKTARI WA KAREMA

Mfano wa tatu ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa kuwa ni wa ziwa letu.

Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali, yapata mwaka 1866. Alikuwa mtoto mdogo alipoibwa. Alivushwa jangwa la Sahara akiwa mtumwa, akafika Algeria, na huko White Fathers wakamkomboa. Mkuu wao, Kardinali Lavigerie, alikuwa na shauri lililowashangaza watu wa zama zile. Alitaka vijana Waafrika waliokombolewa wasomeshwe udaktari, warudi Afrika, wakaishi kati ya watu na kujitegemea kwa kazi yao. Mwaka 1881 alifungua chuo katika kisiwa cha Malta, na vijana wakasoma udaktari katika Chuo Kikuu cha huko.

Atiman alimaliza masomo mwaka 1888, akaanza safari ya kuja Karema, ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Alioa huko, akapata mtoto ambaye baadaye akawa padri. Aliwatibu watu wa Karema kwa zaidi ya miaka 65, hadi alipofariki mwaka 1956. Dawa za Ulaya hazikufika kila mara, kwa hiyo alijifunza pia miti na mizizi ya wenyeji. Alipokuwa mzee aliandika mwenyewe habari za maisha yake. Aliona utawala wa Wajerumani ukija na kuondoka, akaona Waingereza wakija, akaona utumwa ukifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Wagonjwa wake waliendelea kuja.

Tazameni jinsi mambo yalivyokuwa. Atiman hakurudi kwao Timbuktu kamwe. Karema ilikuwa ugenini kwake kama Muyinga ilivyo ugenini kwetu. Lakini alipewa elimu kamili ya miaka saba, si ya majuma matatu. Alipewa kazi ambayo kila jirani aliihitaji. Mtu mwenye homa hamuulizi daktari kama aliwahi kuuzwa.

Sisemi kwamba chuo kile hakikuwa na kasoro. Vijana waliomaliza walikuwa wachache, na mwaka 1896 kilifungwa. Watoto wengine wengi waliokombolewa hawakupata nafasi kama ile. Lakini mmoja aliyefundishwa sawasawa alihudumia nchi nzima.

JINA LA MATEKA

Kuna jambo jingine ambalo aghalabu husahauliwa. Pwani, watu waliookolewa na manowari waliitwa mateka. Jina hilo liliwafuata hata walipokuwa huru, wana nyumba na kazi. Kukaa katika kijiji chao peke yao, chini ya misheni, kuliwalinda, lakini pia kuliwatia alama.

Leo hatusemi mateka. Tunasema "wahanga" au "walengwa wa mradi." Maneno yamekuwa laini, ila yanaweza kufanya kazi ile ile. Darasa likiitwa "darasa la wasichana waliouzwa," nani atamleta binti yake? Na yule atakayeingia, ataolewa na nani, atakodishiwa chumba na nani? Yule mama wa Magarama alinisimulia habari zake kwa sauti ya chini, akinyamaza kila mteja alipopita. Ndiyo maana sikumwuliza jina.

SISI TUFANYE NINI

Tusidhani kwamba mambo haya yameisha. Burundi ilitunga sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa watu tarehe 29 Oktoba 2014, sheria Na. 1/28. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 30 Julai iwe siku ya kupinga biashara hiyo. Sheria ni ngao, lakini anayetafuta wa kumdanganya hutafuta kwanza mtu asiye na kazi. Kambini kwetu vijana wasio na kazi ni wengi, na wapo wanaokuja na maneno matamu juu ya kazi za hotelini na za nyumbani katika nchi za mbali. Mafunzo ya ufundi, basi, hayamponyi aliyerudi tu. Humzuia pia ambaye hajaondoka.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naiomba Kamati yetu na ndugu zetu wa mashirika tuyazingatie haya tutakapopanga mafunzo yajayo.

Kwanza, tuulize soko kabla ya kuandika mradi. Twende sokoni tuhesabu: nani anashona, nani anatengeneza baiskeli, nani anachaji simu, nini kinakosekana. Keki ni chakula kizuri, lakini kwetu watu hununua sabuni na sare za shule.

Pili, anayefundishwa achague mwenyewe. Mtu ambaye wengine walimwamulia kila kitu, kuanzia saa ya kulala mpaka saa ya kula, anaanza kupona siku anaposema, "Mimi nataka useremala," hata kama ni msichana.

Tatu, muda utoshe na vyombo vitolewe. Fundi bila cherehani ni kama mvuvi bila wavu. Ni afadhali kuwafundisha 10 kwa mwaka mmoja, wakaondoka na vyombo vyao, kuliko kuwafundisha 100 kwa majuma matatu wakabaki na vyeti. Najua kwamba idadi kubwa hupendeza katika ripoti. Lakini mwaka ujao tutawahesabu tena wale wale.

Nne, kinachotengenezwa darasani kikiuzwa, aliyekitengeneza apate sehemu yake, na hesabu ziwekwe wazi. Tukumbuke Bagamoyo.

Tano, waliotangulia wawafundishe wanaofuata, na walipwe kwa haki. Tukumbuke wale wa Nasik.

Sita, madarasa yawe ya wote: aliyerudi kutoka utumwani akae benchi moja na mjane, na kijana aliyekosa karo, na binti wa mwenyeji wa kijiji jirani. Anayejua habari zake awe ni mshauri wake tu. Asipigwe picha kwa ajili ya kalenda.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii watu huitumia kumkaripia mgeni mvivu. Mimi nikiwafundisha watoto darasani huwaeleza maana nyingine. Kumpa mgeni jembe ni kumwambia kwamba tunamtegemea, kwamba mkono wake una thamani, kwamba hakuja kulala tu barazani. Atiman alipewa jembe lake, akalima Karema miaka 65. Mama wa Magarama ilimbidi alitafute mwenyewe.

Suruali yangu aliishona vizuri, hata mahali ilipochanika hapaonekani. Nilipotaka kumwongezea fedha kidogo kwa sababu ya habari zake, alikataa. Akasema bei ni ile ile ya watu wote.