Madaftari ya Maduka ya Kisangani

Mtu akiniambia kwamba Rais Mobutu wa Zaire, Kongo ya leo, aliua biashara ya mji wa Kisangani kwa tamko moja, mimi mtunza hesabu mstaafu humuuliza: wewe ulifungua daftari gani?

Tamko lenyewe linajulikana. Tarehe 30 Novemba 1973 maduka, mashamba na kampuni za wageni zilitangazwa kuwa za raia wa Zaire. Hapa mjini wageni hao walikuwa Wagiriki, Wareno, Wahindi, Wabelgiji. Wamiliki wapya wengi walipata funguo kwa sababu ya cheo au ndugu serikalini. Lakini maduka hayakufa siku hiyo. Madaftari niliyoyashika nikiwa karani kijana yanaonyesha miezi ya kwanza mauzo yakiwa mazuri kabisa, kwani rafu alizoziacha mwenye duka wa zamani zilikuwa zimejaa. Tazama sasa safu ya manunuzi: tupu. Bwana mpya aliona fedha kwenye droo akaiita faida, akanunua gari, akaongeza mke. Kumbe alikuwa anakula mtaji. Stoki ilipokwisha, na duka likaisha.

Kosa la pili, la kuhesabu faida kwa bei ya zamani, liliwanasa hata waaminifu. Bei ya shaba ilianguka mwaka 1974, fedha za kigeni zikaadimika, bei za bidhaa zikapanda. Chukua mfano: umenunua vitambaa kwa zaire 1,000, fedha yetu ya wakati huo, umeuza kwa 1,300. Karatasi inasema umepata 300. Meli ya kutoka Kinshasa inafika, vitambaa vilevile sasa ni 1,500. Umeshalipa kodi ya faida, na rafu huwezi kuijaza tena.

Tarehe 16 Julai 1976 ilitoka sheria ya kuweka utaratibu mmoja wa uhasibu nchi nzima. Sheria nzuri, nimeifundisha vijana wengi. Ila mwaka huohuo serikali ilikuwa tayari inawaita wenye mali wa zamani warudi.

Waliosimama ni akina nani? Mwanaanthropolojia Janet MacGaffey alikaa hapa mwishoni mwa miaka ya 1970, akafuatilia wafanyabiashara mmojammoja, na kitabu chake kikatoka mwaka 1987. Aliwakuta watu wasio na cheo chochote: wafanyabiashara wa kabila la Wanande walioleta maharagwe na mboga kutoka Kivu, na wanawake waliofanya biashara ya jumla ya samaki na mchele. Hawa walisimamia kazi kwa macho yao, na walichopata walikirudisha kwenye lori au shehena nyingine. Sehemu ya biashara hiyo haikupita mbele ya ofisa yeyote, kwa hiyo takwimu za serikali zilimwonyesha kuwa mfu mtu aliyekuwa anatembea sokoni.

Halafu ikaja Krismasi ya 1979. Noti za zaire 5 na 10 zilifutwa, zikatolewa siku chache tu za kubadilisha, tena kwa kikomo. Darasani tulifundishwa kwamba kampuni yenye fedha taslimu nyingi ina afya. Hapa ikawa kinyume: mwenye mifuko ya chumvi ghalani alilala vizuri kuliko mwenye mifuko ya noti. Ndiyo maana simwamini mtu anayesoma mizania bila kuuliza ni ya mji gani na mwaka gani.

Uporaji wa miaka ya 1990 na vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji wetu, viliteketeza karatasi nyingi. Zilizobaki zimo masandukuni mwa familia za mitaa ya Makiso, Mangobo na Kabondo. Kama baba yako aliacha daftari la duka, usiliuze kwa wafunga karanga. Lipeleke Chuo Kikuu cha Kisangani, waombe walitunze, na kabla ya kulikabidhi, soma kwanza safu ya manunuzi.