Jiografia ya Msumbiji

Msumbiji ni nchi ya kusini mashariki mwa Afrika yenye eneo la kilomita za mraba 801,590 hivi. Upande wa mashariki inatazamana na Bahari ya Hindi, na pwani yake ina urefu wa kilomita 2,400 na zaidi. Imepakana na Tanzania, Malawi, Zambia, Zimbabwe, Eswatini na Afrika Kusini. Mto Ruvuma ndio sehemu kubwa ya mpaka wake na Tanzania.

Mto Zambezi unaikata nchi katikati. Kaskazini kwake kuna nyanda za juu zinazoinuka hadi karibu na Ziwa Nyasa. Kusini kwake kuna tambarare pana za pwani. Mlima Binga, wenye mita 2,436 mpakani na Zimbabwe, ndio mrefu kuliko yote. Bwawa la Cahora Bassa mkoani Tete huzalisha umeme unaouzwa pia Afrika Kusini.

Mji mkuu, Maputo, uko kusini kabisa na hadi 1976 uliitwa Lourenço Marques. Jirani yake ni Matola, mji wa viwanda. Beira, bandari inayohudumia Zimbabwe na Malawi, uliharibiwa vibaya na Kimbunga Idai Machi 2019. Nampula ni kitovu cha biashara cha kaskazini, na Nacala ina bandari ya asili yenye kina kirefu. Kisiwa cha Msumbiji, makao makuu ya Wareno hadi 1898, kimo katika Urithi wa Dunia tangu 1991.