Asili na Maendeleo ya Kiyoyozi cha Ukutani

Nyumba ya binadamu ina kazi mbili zinazopingana: kufunga na kufungua. Hufunga ili imhifadhi mwenyewe na jua, mvua na mwivi. Hufungua ili mwenyewe asikose pumzi. Katika nchi zenye joto na unyevu, ugomvi wa kazi hizi mbili ndio uliowafunza wajenzi hekima, na historia ya kiyoyozi cha ukutani haifahamiki vema pasipo kuutazama ugomvi huo kwanza.

Wajenzi wa Lamu na Unguja waliusuluhisha kwa mawe. Kuta za matumbawe na chokaa zilijengwa kwa unene wa karibu nusu mita, joto la mchana likachelewa njiani kabla ya kufika chumbani. Boriti za mikoko hazikuruhusu chumba kupata upana wa zaidi ya mita 3 hivi, kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba; vichochoro vilibanwa, nyumba moja ikaitia nyingine kivuli; na uwanda ulioachwa wazi katikati ulitoa hewa ya moto juu. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa Unguja mwaka 1883, lilizungushiwa roshani pana. Ng'ambo, katika Dubai, wafanyabiashara waliotoka Bastak ya Uajemi walisimamisha minara ya kukamata upepo juu ya nyumba zao. Njia zilikuwa mbalimbali, lakini zote ziliafikiana katika jambo moja: upepo uliopita katika nyumba hii uliendelea mpaka nyumba ya pili, wala baridi ya mmoja haikuwa joto la mwenziwe.

Fikira ya kutengeneza baridi kwa mashine ilipata nguvu katika chumba cha wagonjwa. Katika mji wa Apalachicola, jimbo la Florida, daktari John Gorrie aliwauguza watu wa homa katika miaka ya 1840. Aliamini, kama wengi wa zama zake, kwamba homa hutokana na hewa mbaya, akatundika barafu karibu na dari ili hewa iliyopoa iwashukie wagonjwa. Barafu ililetwa kwa meli kutoka kaskazini, nayo ilikuwa haba na ghali. Basi akaunda mashine ya kuitengeneza papo hapo, akapewa hataza mwaka 1851. Alikufa mwaka 1855 bila kupata faida. Kuhusu homa alikosea, maana mwaka 1897 ilibainika kwamba mbu ndiye mwenye kubeba malaria. Kuhusu mashine alipata: hewa iliyogandamizwa na kisha kuachwa itanuke hupoa, na kanuni hiyo haijabadilika.

Hatua ya pili haikuchukuliwa kwa ajili ya mtu, bali kwa ajili ya karatasi. Mwaka 1902 kiwanda kimoja cha kupiga chapa katika Brooklyn, New York, kilisumbuliwa na unyevu wa kiangazi. Karatasi zilinyonya maji ya hewani zikatanuka, na rangi ya pili haikuangukia mahali pa rangi ya kwanza. Mhandisi kijana, Willis Carrier, aliyekuwa na umri wa miaka 25, alibuni mtambo wa kupitisha hewa juu ya mabomba ya baridi ili maji yagande juu ya mabomba kama jasho na hewa itoke kavu. Hapa pana jambo la kukumbukwa na kila mtu anayedhani kwamba kiyoyozi ni chombo cha baridi tu: kazi yake ya kwanza ilikuwa kukausha. Ndiyo sababu pangaboi humwondolea mtu jasho kwa kulisukumia upepo, lakini haliwezi kuupunguza unyevu wa chumba hata chembe moja.

Mitambo ya mwanzo ilikuwa mikubwa, ikafaa viwanda, sinema na maduka. Katika miaka ya 1930 yalitokea masanduku ya kuwekwa dirishani, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia yakaenea Marekani kwa wingi. Sanduku hilo lilifungwa vyote pamoja: kompresa, feni na mabomba. Kwa hiyo lilinguruma katika sikio la mwenye kulala, nalo lilichukua mahali pa dirisha. Mwenye nyumba alinunua baridi kwa bei ya mwanga na mandhari.

Wajapani ndio waliolitenga sanduku hilo likawa vipande viwili. Kiangazi chao kina joto la unyevu, na nyumba zao nyingi zilikuwa ndogo, zenye madirisha ya kusukuma pembeni yasiyopatana na sanduku. Mwaka 1961 kampuni ya Toshiba ilitoa kiyoyozi ambacho kompresa yake, mama wa kelele, ilikaa nje ya nyumba, na ndani kikabaki kipande cha kupozea tu. Mabomba membamba ya shaba yakaviunganisha. Hata hivyo feni za kawaida zilikifanya kipande cha ndani kuwa kinene. Dawa ilipatikana katika feni yenye umbo la mcheduara mrefu, ambayo Mfaransa Paul Mortier aliipatia hataza tangu mwaka 1893. Mwaka 1968 kampuni ya Mitsubishi Electric iliitumia kutengeneza kiyoyozi chembamba cha kutundikwa juu ukutani. Mwaka 1981 Toshiba ilileta mashine za nyumbani ambazo kompresa yake haiwaki na kuzimika kwa kishindo, bali huongeza au kupunguza mwendo kwa kadiri ya haja, umeme ukapungua.

Ubora wa uvumbuzi huo ni kwamba haukudai nyumba ijengwe upya. Hauhitaji mifereji ya bati ndani ya dari. Wahitaji tundu moja la sentimita 6 au 7. Lakini udogo wa tundu usimdanganye mtu. Fundi mwema hupima kwa pimamaji ili kipande cha ndani kikae sawa. Hulitoboa tundu likiinama kidogo kwa nje, ili maji yanayotoka hewani yasirudi ukutani. Huvifunika vyema viungo vya shaba. Kisha hutumia pampu kuondoa hewa na unyevu wote ndani ya mabomba kabla ya kuifungulia gesi. Akiruka kazi hiyo ya mwisho, hakuna aonaye kosa siku ile. Unyevu uliobaki huila mashine polepole, na gesi hupenya katika kiungo kibaya kimyakimya. Pwani kuna adui wa ziada, nao ni upepo wa chumvi, ulao mapezi ya kipande cha nje.

Gesi yenyewe ina historia ya toba mbili. Zile za kwanza, kama amonia, ziliweza kumdhuru mwenye nyumba zilipovuja. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake walitengeneza gesi isiyowaka wala kusumisha, na watu wakashukuru. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo hupanda na kuliharibu tabaka la ozoni linalozuia miali mikali ya jua. Mataifa yakapatana katika Montreal mwaka 1987 kuzipunguza. Gesi zilizoshika mahali pake ziliiacha ozoni salama, lakini baadhi yake hulitia anga joto maradufu ya maelfu kuliko hewa ya ukaa ya uzito ule ule. Toba ya pili ilifanywa katika Afrika: tarehe 15 Oktoba 2016, katika Kigali, mataifa yalikubaliana kuzipunguza hizo nazo, na mapatano yakaanza kutumika mwaka 2019. Mambo haya si ya maabara tu. Yanamrudia fundi juu ya ngazi, ambaye huamua kama gesi ya mashine kuukuu itakusanywa katika mtungi au itaachiwa upepo.

Haifai kukidharau chombo hiki. Joto kali huua wazee na watoto wachanga, na hospitali bila baridi haiwezi kuhifadhi dawa nyingi. Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa kwanza wa Singapuri, alikihesabu miongoni mwa mambo yaliyoiwezesha nchi yake ya joto kuendelea, naye alitangulia kukiweka katika ofisi za serikali. Lakini sifa hiyo haifuti asili ya kazi yake. Kiyoyozi hakiliangamizi joto. Hulichukua ndani na kulimwaga nje, pamoja na joto la umeme kinachoutumia. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba viyoyozi na feni vilitumia karibu sehemu moja katika kumi ya umeme wote wa dunia.

Katika kichochoro cha mji wa kale, ambamo nyumba mbili zakaribia kugusana, hesabu hiyo haihitaji kitabu. Kipande cha nje cha tajiri hupumua juu ya baraza ya jirani, maji yake hudondoka juu ya kichwa cha mpita njia, na dirisha lililokuwa likipokea upepo kwa pamoja hufungwa ili baridi isitoke. Basi nyumba iliyochoma joto kwa sababu ya paa la bati na ukuta mwembamba wa saruji hutaka mashine kubwa, na mashine kubwa humwaga joto kubwa. Mwenye kuanza na kivuli, na mti, na ukuta unaostahili nchi yake, hutosheka na mashine ndogo. Wahenga wa ujenzi walijenga ukuta ili joto lisiingie. Wa leo wanautoboa ili joto litoke. Hekima ya wale haikubatilishwa na tundu hili, kwa maana ndiyo itakayoamua ni joto kiasi gani litamwangukia jirani.