Mipaka ya Mezani: Afrika Ndani ya Michezo ya Mikakati

Mwishoni mwa 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mstari wa kuigawa Afrika Mashariki. Ulianzia mdomoni mwa mto Umba, ukaelekea kaskazini-magharibi, ukaupinda mlima Kilimanjaro ili ubaki upande wa Wajerumani, kisha ukanyooka hadi ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria. Mkataba wa 1890 ukauvusha ziwa. Wadigo wa pwani, Wamaasai wa nyika na Wakuria wa karibu na ziwa wakajikuta wako pande zote mbili, na hakuna aliyewauliza.

Tangu hapo ugawaji wa namna hiyo umegeuka burudani. Mwaka 1957 Mfaransa Albert Lamorisse, mtengenezaji wa filamu, alitoa mchezo wa mezani unaojulikana duniani kwa jina la Risk. Ubao wake una maeneo 42, na Afrika imepewa sita tu. Afrika Mashariki yote ni kipande kimoja, na wakazi wake hawaonekani kabisa: kuna jeshi lako, jeshi la mwenzako na dadu.

Mwaka 1991 ikaja Civilization ya kompyuta, iliyowaweka Wazulu wa Shaka katika orodha ya mataifa ya kuchezwa. Hiyo ilikuwa hatua. Hata hivyo, ardhi isiyo na mji ilihesabiwa haina mwenyewe, na waliochomoza humo walikuwa washenzi wa kufukuzwa. Mfugaji anayehama na mvua hakuwa na nafasi katika hesabu hiyo.

Waliokwenda mbali zaidi ni Paradox, kampuni ya Stockholm. Katika Victoria 3, iliyotoka 2022 na inayohusu miaka ya 1836 hadi 1936, kila kundi la watu lina kazi yake, dini yake na utamaduni wake, na kila jimbo lina orodha ya tamaduni ambazo hapo ndipo kwao. Mtawala akibadilika, orodha haifutiki kwa sababu hiyo. Kwa hiyo kabila lililokatwa na mpaka linaendelea kuwapo pande zote mbili, jambo ambalo ubao wa Lamorisse usingeweza kulionyesha.

Lakini jamii nyingi za bara la Afrika humo zimewekwa kama mataifa yasiyo na serikali kuu, na kwa kawaida huwezi kuyacheza. Kazi yao ni kumezwa kidogo kidogo. Kila moja lina kipimo chake cha hasira; kikijaa, linaasi.

Hapo ndipo historia yetu inapogoma. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima. Dawa ya maji ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ilikuwa imeshavuka vilima na mito, na vita vya Maji Maji vikawaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na Wangoni, watu wasiokuwa na mtawala mmoja. Maji Maji haingii katika mchezo ambao kila kabila hukasirika peke yake.

Kabila lenyewe nalo lilichorwa upya. Gavana Mwingereza Donald Cameron, aliyefika Tanganyika 1925, alitaka kila kabila liwe na chifu, baraza na eneo lake. Watu waliokuwa wakioana, wakihama na kubadili utii kwa watemi wakasukumwa ndani ya maboksi ya kiutawala. Mchezo unaompa kila mtu utamaduni mmoja na mahali pamoja pa asili unafuata zaidi daftari la mkuu wa wilaya kuliko maisha yalivyokuwa.

Julai 1964 viongozi wa Afrika, wakikutana Cairo, waliamua kuiheshimu mipaka waliyoirithi, kwa kuhofia vita vya kuichora upya. Mipaka ni ya kweli, na mchezo wa historia hauna budi kuionyesha. Kosa ni kuifanya ndiyo mwanzo wa habari, na watu wawe rangi ya kujazia. Watengenezaji wa michezo wa Dar es Salaam na Nairobi wana nafasi ya kuanzia upande wa pili: kwenye njia za misafara, minada ya ng'ombe na undugu wa ndoa, halafu mstari wa 1886 uje kuvikuta vyote hivyo vikiwa vimeshatangulia.