Michezo Ilivyoingia Marlborough

Msomaji, usidhani kwamba michezo iliingizwa shuleni kwa ajili ya makombe tu. Huko Marlborough, Uingereza, shule ya binafsi iliyofunguliwa mwaka 1843, wavulana waliwaasi walimu wao mwaka 1851. Mwaka uliofuata akaja mwalimu mkuu mpya, G. E. L. Cotton, aliyekuwa akifundisha Rugby. Aliwakuta wavulana wamezoea kuzurura mashambani na kuwinda kwa siri. Akawapa kriketi na mpira, akaajiri walimu vijana wacheze pamoja nao. Shabaha yake ilikuwa utulivu, ili masomo yapate nafasi; nami niliye mwalimu simlaumu. Utulivu ukapatikana. Lakini karne ya 19 ilipokaribia kwisha, katika shule nyingi za namna hiyo, mvulana aliyevaa kofia ya timu alitukuzwa kuliko yule aliyeshinda katika Kilatini.