Mwezi Europa: chumvi yake inajulikana namna gani bila kuigusa?

Europa ni mmoja wa miezi 4 mikubwa ya sayari Jupita. Umefunikwa na barafu, na hakuna chombo kilichowahi kutua pale. Sasa wataalamu wanajua namna gani vitu vilivyo juu yake? Wanasoma mwanga.

Mwanga wa jua ukigonga barafu, sehemu moja inarudi, ingine inamezwa. Kila kitu kina rangi zake kinazomeza. Mwanga ukitawanywa kama upinde wa mvua, pale rangi inapopunguka ndipo kitu kinajulikana.

Mwaka 2019, darubini ya Hubble ilionyesha kwamba eneo la Tara Regio linameza rangi ya buluu. Ni alama ya chumvi ya kawaida, ile ya jikoni, iliyogeuka manjano kwa kupigwa na mionzi. Mwaka 2023, darubini ya James Webb ikakuta kaboni dioksidi palepale.

Barafu ya eneo hilo imevunjika-vunjika, ndiyo maana inafikiriwa vitu hivi vilipanda kutoka bahari iliyo chini. Lakini mwanga unaonyesha ngozi tu. Chombo Europa Clipper cha Marekani, kilichorushwa Oktoba 2024, kinatazamiwa kufika Jupita mwaka 2030 ili kupima kwa karibu kama bahari ile inaweza kubeba uhai.