Castlevania: Symphony of the Night

Castlevania: Symphony of the Night ni mchezo wa video wa mapigano uliotengenezwa na kampuni ya Konami ya Japani na kutolewa mwaka 1997 kwa ajili ya PlayStation. Mchezaji humwongoza Alucard, mwana wa Dracula, ndani ya ngome ya baba yake, akitazamwa kwa ubavu. Michezo mingi iliyoutangulia katika mfululizo wa Castlevania iligawanywa kwa hatua. Huu una ramani moja pana, na uwezo wa kugeuka popo au ukungu hufungua njia mpya. Mchezaji akimwokoa mwindaji wa vampaya Richter Belmont, hufikia ngome ya pili iliyopinduliwa juu chini. Muziki ulitungwa hasa na Michiru Yamane, na wahusika walibuniwa na Ayami Kojima. Muundo wa mchezo huu ungali unaigwa katika michezo inayoitwa Metroidvania.